Barua ya Malalamiko: Dari ya Mombasa Iliyofanyiwa Kazi ya Nchi za Baridi

Kamati ya Wakazi,
Tudor, Mombasa.

Kwa Meneja wa Huduma,

KUH: KIZUIA JOTO MLICHOWEKA DARINI

Bwana/Bi Meneja,

Tunawasalimu, kisha tuingie kwenye jambo lenyewe. Kazi mliyoifanya juu ya dari za jengo letu tunaikataa, na tunataka ifumuliwe na kufanywa upya kwa gharama yenu. Tumepanda darini, tumepima na kupiga picha. Kila tunachokieleza hapa kinaonekana kwa macho.

Kosa kubwa kuliko yote ni ile karatasi ya nailoni ya kuzuia mvuke. Mwongozo mliotuachia umeandikwa kwa nyumba za Uingereza, ambako watu hulaza pamba ya kuzuia joto yenye unene wa milimita 270 darini ili joto la ndani lisitoroke wakati wa baridi. Huko nailoni hukaa chini ya pamba, upande wa chumba, kwa sababu mvuke hutoka kwenye chumba chenye joto ukapanda kwenye dari lenye baridi. Mombasa ni kinyume kabisa. Joto na unyevu viko nje. Baridi ni ya kiyoyozi, nayo iko chumbani. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa maji ikigusa kitu cha nyuzi 26 au chini yake. Mafundi wenu walitandika nailoni juu ya bao za jipsamu za dari, wakalaza pamba juu ya nailoni. Hewa hiyo inapenya kwenye pamba, inaikuta nailoni imepozwa na kiyoyozi kilichowekwa nyuzi 21, na maji yanayotokea hayana pa kwenda. Ukiinua pamba juu ya doa lolote la kahawia, utaikuta upande wa chini imelowa chepechepe na mikunjo ya nailoni imejaa maji, mengine yakichirizika hadi kwenye maungio ya jipsamu. Msituambie paa linavuja. Madoa yamo katika vyumba vyenye viyoyozi pekee, na yalitokea wakati wa kaskazi, masika hayajaingia.

Nailoni iondolewe yote. Mvuke mchache utakaopita kwenye jipsamu utaingia chumbani na kiyoyozi kitaukausha, mradi dari lipakwe rangi ya maji, si ya mafuta. Pamba iliyolowa itupwe. Msiikaushe juani mkairudisha, kwa kuwa imeshashikana na kupoteza unene, na unene ndio kazi yake. Mkataba unasema milimita 100. Kando ya kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), pale mlipoikandamiza kwa mbao za kupitia, tumepima 45. Hapo uwezo wake wa kuzuia joto umepungua kwa karibu nusu.

Karatasi ya alumini nayo haifanyi kazi yoyote. Karatasi hii hairudishi joto ikiwa imebanwa kwenye bati. Inahitaji uwazi wa hewa mbele ya uso wake unaong'aa, angalau milimita 25, na 50 ni bora zaidi. Ninyi mmeibana kati ya papi (mbao zinazopigiliwa mabati) na mabati, uso unaong'aa ukiangalia juu, umegusana na bati. Saa nane mchana bati lilikuwa na nyuzi 61 na karatasi nyuzi 59. (Kabla ya kupima tulibandika utepe mweusi juu ya alumini, maana kipimajoto cha mwale, kinachopima bila kugusa, hudanganywa na mng'aro wake.) Tunataka karatasi ishushwe chini ya papi, ifungwe kwenye kenchi, uso unaong'aa uangalie chini ili vumbi lisiufunike, na juu kabisa penye mgongo wa paa ibakizwe nafasi hewa moto itoke.

Lakini hata hiyo hewa itoke vipi, ikiwa pamba imesukumwa hadi ukingoni ikaziba matundu yote ya chini ya paa? Irudishwe nyuma, pabaki njia ya hewa ya milimita 50 juu yake, na matundu yafunguliwe kwa uwazi wa milimita 25 urefu wote wa paa pande mbili. Wekeni wavu wa plastiki au wa chuma kisichoshika kutu, wenye macho madogo, kwa ajili ya popo na kunguru. Wavu wa kawaida hautadumu na upepo huu wa chumvi.

La stima hatulijadili, tunataka lishughulikiwe kabla ya mengine. Alumini inapitisha umeme, na mafundi wenu wameipigilia kwa pini za chuma huku waya zikipita chini yake. Pini moja, karibu na kisanduku cha maungio, imeingia kwenye ganda la waya. Nchini Australia, katika mpango wa serikali wa kuweka vizuia joto darini wa 2009 na 2010, vijana wanne waliokuwa kazini walifariki, watatu wao kwa umeme, na pini za chuma kwenye alumini zikapigwa marufuku. Tumezima saketi hiyo. Mleteni fundi wa stima mwenye leseni aikague kabla mtu yeyote hajapanda tena. Taa zilizozamishwa darini zimefukiwa kwa pamba pamoja na transfoma zake. Acheni milimita 75 kuzunguka kila moja.

Kuhusu fedha: ankara ni ya mita mraba 108, na zilizofunikwa ni 91. Tofauti hiyo ya 17 irudishwe au ifanyiwe kazi.

Tunawapa siku 14 mtujibu kwa maandishi, mkionyesha tarehe ya kuanza na jina la fundi wa stima. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha na fidia kwa hasara, na dai letu liko chini ya shilingi 1,000,000, kwa hiyo Mahakama ya Madai Madogo inaweza kulisikiliza. Picha na vipimo tumeviambatisha.

Wenu,
Kamati ya Wakazi