Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Michezo ya Shule: watoto wetu wanarushwa juu ya vigae

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Mimi ni mzazi wa binti wa darasa la kumi, aliye katika timu ya ushangiliaji (cheerleading) ya mojawapo ya shule zilizo chini yako hapa Kentucky, Marekani. Nakala ya Kiingereza nimeileta ofisini kwako kwa mkono. Hii ya Kiswahili naiweka wazi kwa sababu wazazi wenzangu waliotoka Kongo, Burundi na Tanzania walitia sahihi fomu ileile niliyotia mimi, na wengi wao, kama mimi, hawakujua wanaruhusu nini.

Nilidhani ni kushangilia tu: sare nzuri, nyimbo, makofi pembeni mwa uwanja. Hakuna aliyeniambia kwamba mwanangu, kwa kuwa ndiye mwepesi kuliko wote, atasimamishwa juu ya viganja vya wenzake, wala kwamba atarushwa hewani na kudakwa akishuka. Mrusho huo wenyewe wanauita kikapu.

Novemba iliyopita alianguka. Siku hiyo ukumbi ulikuwa wa timu ya mpira wa kikapu, kwa hiyo wao wakapelekwa bwalo la chakula. Meza zilisukumwa ukutani. Vigae vilikuwa vimetoka kupigwa deki, bado vina maji maji. Kocha alitoka nje kupokea simu, na wasichana wakaendelea kunyanyuana. Mbebaji mmoja aliteleza. Aliyewekwa nyuma kumlinda mwanangu alikuwa na siku tatu tu kwenye timu. Kisogo kikapiga kigae.

Akaambiwa akae pembeni, anywe maji. Baada ya robo saa akapandishwa tena.

Nilipomfuata jioni, hatujafika hata taa za kwanza za barabarani, ameshaniuliza mara tatu, "Mama, leo ni Jumanne?" Aliponiuliza mara ya nne nikageuza gari, nikaenda hospitali. Ulikuwa mtikisiko wa ubongo. Kwa wiki tano hakuweza kumaliza ukurasa mmoja wa kitabu bila kichwa kumgonga.

Siandiki ili kocha afukuzwe. Ni kijana mwenye moyo, watoto wanampenda, na ameachiwa wasichana 19 bila msaidizi. Naandika kwa sababu nilipoanza kuuliza niligundua kwamba sheria zipo, tena nzuri. Shirikisho la kitaifa la vyama vya michezo ya sekondari, NFHS, lina kitabu kizima cha sheria za ushangiliaji. Kikapu hakirushwi kwenye sakafu ngumu. Sharti pawe na magodoro, nyasi au sehemu inayonepa. Mwanafunzi mwenye dalili za mtikisiko wa ubongo hutolewa papo hapo, na harudi mpaka mtaalamu wa afya amruhusu. Robo saa na chupa ya maji si ruhusa ya mtaalamu.

Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, AAP, nacho kilitoa mwongozo mwaka 2012. Piramidi, yaani watoto kusimama juu ya wenzao, isizidi watu wawili kwenda juu, isijengwe kwenye sakafu ngumu, yenye majimaji au isiyo sawa, na kocha awe amesomea kazi hiyo. Madaktari hao walisema wazi kwamba kwa jumla majeraha ya ushangiliaji si mengi. Lakini walisema pia kwamba katika miaka 25 iliyotangulia mchezo huu ulichangia takriban asilimia 66 ya majeraha mabaya kabisa, kama yale ya kuua au kupoozesha, kwa wasichana wanamichezo wa sekondari. Maana yake siku nyingi hapatokei kitu, na siku kinapotokea ni cha maisha.

Machi 2006, kwenye mashindano ya mpira wa kikapu mjini St. Louis, mshangiliaji wa Southern Illinois University alianguka kutoka juu ya piramidi, akaumia kichwa na shingo. Akiwa amefungwa kwenye machela, bendi ilipopiga wimbo wa chuo, aliendelea kucheza kwa mikono. Uwanja ulimshangilia sana. Mimi nilipoitazama video ile nililia, kwa sababu nilimwona mwanangu: mtoto aliyezoeshwa kwamba hata akiumia asiache kutabasamu. Mtoto wa namna hiyo hatasema anaumwa. Lazima awepo mtu mzima wa kumwona.

Nilipouliza kwa nini mtaalamu wa tiba ya michezo hafiki kwenye mazoezi yao, nilijibiwa kwamba yeye ni wa michezo, na ushangiliaji ni shughuli tu. Lakini mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya jimbo la Wisconsin iliamua kwamba ushangiliaji ni mchezo wa kugusana miili, kwa hiyo msichana aliyeanguka hawezi kumdai fidia mwenzake aliyeshindwa kumdaka. Michigan inauhesabu ushangiliaji wa mashindano kuwa mchezo wa shule tangu miaka ya 1990. California ilitunga sheria mwaka 2015 kuelekeza hivyo hivyo. Haiwezekani binti yangu awe mwanamichezo anapoanguka, halafu asiwe mwanamichezo anapohitaji wa kumtazama.

Ninayoyaomba mengi hayahitaji fedha. Kuanzia wiki hii, bwaloni waimbe na kucheza, lakini mguu wa mtu usiondoke sakafuni kwa kunyanyuliwa. Kocha akitoka, hata kwa dakika moja, wote washuke. Ukumbi wagawiwe jioni mbili kwa wiki. Magodoro ya timu ya mieleka yapo, nimeyaona kwa macho yangu yamekunjwa stoo, msimu mzima yanakaa bure siku ambazo wanamieleka hawana mazoezi. Msichana asipandishwe juu kwa sababu ni mwepesi, apandishwe kwa sababu yeye na waliomshika wameweza hatua ya chini mara nyingi mbele ya kocha. Na fomu ile itafsiriwe, ieleze kwa Kiswahili chepesi mtoto atanyanyuliwa mpaka wapi na nani atakuwa chini yake. Wilaya hii inatutafsiria hata orodha ya chakula cha mchana.

Linalohitaji fedha ni moja, mtaalamu wa tiba awepo siku za kunyanyuana. Hilo naomba liingie kwenye bajeti ijayo.

Daktari amemruhusu binti yangu kurudi taratibu, na yeye mwenyewe ameniomba nisimtoe. Anaipenda timu yake, nami sitaki kumnyang'anya. Kwa sasa anaimba akiwa amesimama chini.

Jumatatu ijayo nitakuwa kwenye kikao cha bodi pamoja na akina mama wenzangu wanne. Tumeshajiandikisha kuzungumza. Tafadhali mkalimani wa Kiswahili awepo, maana wawili kati yetu watataka kuuliza wenyewe.

Kwa heshima,
Mzazi