Achari ya embe msiichemshe jamani

Ndugu mhariri, shikamoo kama umenizidi umri.

Mi nakaa huku Ujiji, nimesoma kile kipande chenu cha probayotiki, yani bakteria hai wanaoliwa kwa faida ya afya, nikacheka halafu nikakasirika, maana mmetaja mtindi wa dukani na vidonge vya famasi tu, yani kama sisi huku hatujawahi kula bakteria wazuri toka tuzaliwe. Hivi achari ya embe bichi mmeisahau? Sio ile ya siki inayopikwa, nasema ile ya kina bibi, embe, chumvi, pilipili kichaa, chupa, jua, basi.

Bakteria wenyewe wanakuja na ganda la embe. Ukiweka chumvi kama gramu 30 kwa kilo ukashindilia mpaka maji yake yafunike, waharibifu wengi wanashindwa, wanabaki wale wanaovumilia chumvi, wanakula sukari wanatoa asidi ya laktiki ndo ule uchachu. Siku ya tatu vipovu vinapanda pembeni ya chupa, maji yanapauka. Msimu uliopita nilikaza kifuniko kabisa, usiku wa manane ikapasuka paa! asubuhi pilipili mpaka kwenye chandarua, mke wangu ananiuliza hao ndo bakteria wako wazuri? Embe lililoiva ndo usijaribu, sukari nyingi hamira inatangulia, utapata pombe.

Sasa jirani yangu anayeuza siku hizi anaichemsha, kuna mteja alimwambia ina wadudu. Ladha ipo, ila wale bakteria wamekufa wote.

Kwenye matunda na mboga za kuchachusha huko duniani wanamkuta sana mmoja anaitwa Lactobacillus plantarum, mwaka 2020 wakambatiza upya Lactiplantibacillus plantarum, jina refu kama treni ya Kigoma. Lakini kumkuta tu haitoshi na hapa ndo makala yenu ilipita haraka. FAO na WHO, yale mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, walishasema 2001 kwamba probayotiki ni viumbe hai ambao ukila kiasi cha kutosha wanakupa faida ya kiafya, kwahiyo lazima mtu awatenge maabara, awahesabu, awapitishe kwenye asidi kama ya tumboni na kwenye nyongo aone nani katoka mzima, halafu ndo aje kupima kwa watu. Kwahiyo mi sisemi achari yangu ni dawa, na wanaouza wakidai inatibu vidonda vya tumbo waache uongo, tena mwenye presha aionje tu maana chumvi ni nyingi.

Ombi langu dogo, mwandishi wenu akifika Kigoma mjini apande daladala aje, na akija na mtu wa maabara mwenye vichupa vyake ndo safi zaidi. Chupa tatu zipo juu ya bati la jiko, vifuniko sijakaza.

Mla achari,
Ujiji, Kigoma