Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama tunaotumia maji ya Mto Rau hapa Kilimanjaro, wazee wetu, akina mama, viongozi wa mtaa mliotutembelea: Bwana Yesu asifiwe, asalaam aleikum, na wengine wote shikamooni.

Nawashukuru mliofika. Tumekodi viti 150, na nilipohesabu kabla ya sala nimeona waliokaa ni 58, wakiwemo watoto wawili waliokuja na bibi yao. Mkutano wa kwanza uliahirishwa kwa kukosa akidi. Huu ni wa pili, na katiba yetu inaruhusu tuendelee na yeyote aliyefika, kwa hiyo maamuzi ya leo ni halali. Nasema mapema kwa sababu najua wapo watakaosikia kesho na kusema hawakushirikishwa.

Shughuli za kawaida mnazifahamu, sitawachosha. Mifereji imesafishwa mara mbili, kabla ya masika na tena mwezi Oktoba. Zamu za maji zimekwenda vizuri kuliko mwaka juzi. Migogoro ya zamu ilikuwa 9, tumemaliza 8 wenyewe kwa kukaa chini, na mmoja uko baraza la kata. Miche 600 ya mikuyu na mianzi ilipandwa ukingoni, mbuzi wamekula sehemu yake, na wenye mbuzi hao tumo nao humu ukumbini.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu leo, yaani ramani.

Mwezi Mei, masika yakiwa bado yanamalizika, kamati iliamua kutumia fedha kupima na kuchora ukanda wa mto upande wetu, kilomita 3 na mita 200, tangu juu kwenye banio, pale maji yanapozuiwa yaingie mferejini, hadi mpakani na wenzetu wa chini. Nakiri kwamba fedha hizo mwanzoni zilitajwa kwenye kikao kuwa za kukarabati banio. Zilitajwa, hazikupitishwa. Muhtasari wa kikao ninao hapa, asiyeamini aje asome, na sahihi ya katibu ipo pale chini ingawa sasa anasema alikuwa na haraka.

Kwa nini ramani kabla ya banio? Wanachama, mmeona wenyewe mvua za mwaka huu zilivyofanya. Mto Rau ulikula ukingo, ukabeba migomba na udongo, na udongo huo haupotei hewani. Unateremka hadi kwa wakulima wa mpunga wa Mabogini na Chekereni, skimu ile ya umwagiliaji ya Lower Moshi inayokunywa mito ya Rau na Njoro, nao wanashinda wanazoa tope kwenye mifereji. Banio tungelitengeneza leo, ukingo ukaanguka kesho, tungekuwa tumejenga mlango wa nyumba isiyo na ukuta.

Jambo la pili ni sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zile zinazoharibu hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kila mmoja wetu anaijua hiyo sitini, tunaitaja kama tunavyotaja mwezi mwandamo. Lakini mkimuuliza mtu sitini yake inaishia wapi shambani kwake, atanyoosha mkono kuelekea kwa jirani. Tukiandika barua ofisi ya bonde, wasimamizi wa maji ya mto, kulalamikia machimbo ya mchanga, tulikuwa tunaandika "karibu na mkuyu mkubwa". Mikuyu mikubwa upande huu ni mingapi? Afisa anakuja, anazunguka, anapigwa jua, anarudi mjini. Fuso za mchanga zinaingia usiku kama kawaida.

Wapo waliosema mbona picha za setilaiti zipo bure, tungekaa tu nyumbani na simu. Nimelijibu hili kwenye kundi letu la WhatsApp mara tatu, nalijibu tena. Ni kweli picha zipo. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 zinapita juu yetu kila baada ya siku 5 hivi na picha zake hazilipiwi. Tumezitumia, na zimetusaidia kuona kijani cha ukingoni kilivyopungua. Lakini kitone kimoja cha picha ile ni mita 10 kwa mita 10. Mita 60 za sheria ni vitone sita tu. Mzee wangu, utamhamisha mtu migomba yake kwa vitone sita? Na wakati wa masika, tunapouhitaji zaidi ule uchunguzi, picha ni wingu tupu. Wengine walitaka droni. Droni inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, inataka mwenye kuijua, na fedha zake zingemaliza mfuko wote. Kwa hiyo tulitembea kwa miguu, na mimi nilitembea siku 11 kati ya 14, nikiwa na goti hili mnalolijua.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuchezea. Simu inajua ilipo kwa GPS, na ikiwa mahali peupe inakupa usahihi wa mita 3 hadi 5. Ukiingia chini ya mkuyu, mawimbi yanagonga majani na matawi, namba inaruka, mita 12, mita 15, na wewe umesimama palepale. Tulichofanya ni kusimama uwandani, kupima nukta mara tano, kisha kuvuta kamba ya mita 50 kutoka pale hadi ukingoni. Kamba ya mita 50 na mstari wa mita 60, mnaona wenyewe, kila kituo ni kuvuta mara mbili, mmoja ndani ya matope na mwingine ndani ya miiba. Nimeshika ncha ile ya matope.

Sitaficha kosa letu la wiki ya kwanza, maana limeshasimuliwa hadi sokoni. Mchoro wa zamani wa mipaka tuliopewa ulitumia namba za mfumo wa zamani wa upimaji, Arc 1960, na simu zinatumia mfumo mwingine, WGS 84. Kijana wetu aliingiza namba zile kwenye simu kama zilivyo. Simu ikatuongoza kwa ujasiri mkubwa, tukafuata, hadi uani kwa mama mmoja aliyekuwa ananyonyoa kuku. Tulikuwa karibu mita 300 juu, upande wa mlimani. Mama akatazama vigingi vyetu akauliza kama ni msingi wa kanisa. Tulimwomba radhi, tukarudi, na namba zikageuzwa zikakaa sawa. Siku moja ilipotea, haimo kwenye zile 14, na kijana hakulipwa siku hiyo. Alijilipia soda mwenyewe.

Kuhusu kijana huyo. Ni mtoto wa shemeji yangu, sijawahi kulificha. Amesomea upimaji na alikubali 50,000 kwa siku. Wapo waliosema wana watu wao, nikawaomba wawalete, nikasubiri wiki mbili. Hakuletwa mtu.

Na kuhusu rangi. Hapa nakubali lawama kidogo. Tulipaka alama kwenye miti iliyo kwenye mstari, na rangi iliyopatikana dukani kwa bei yetu ilikuwa nyekundu. Vijana badala ya kuweka doa wakaweka mkasi. Asubuhi yake watu walipoamka na kuona X nyekundu, kila mtu akajua maana yake ni nyumba inavunjwa. Mama mmoja mjane alikuja kwangu saa 12 na nusu alfajiri, karatasi zake zote za kihamba, shamba lake la urithi, ziko kwenye mfuko wa nailoni, mikono inatetemeka hata chai hakuweza kushika. Nilimrudisha mwenyewe hadi kwake, nikaufuta ule mkasi kwa panga kwenye gome la mti. Sasa alama zote ni bluu.

Narudia mbele yenu: mstari huu si hati wala si bomoabomoa. Haumnyang'anyi mtu kihamba alichoachiwa na baba yake. Najua mashamba yetu ni membamba. Kuna mtu kihamba chake chote kina hatua 70 kutoka barabarani hadi majini, ukimwambia sitini umemwachia choo na banda la ng'ombe. Ndiyo maana kamati haikumwambia mtu ang'oe kitu. Imeomba tusilime hadi kwenye mdomo wa mto, tuache majani na miti ya kushika udongo, na tusikubali mtu wa mchanga atupe elfu hamsini kisha atuachie shimo. Majani ya ng'ombe mtakata kama siku zote.

Meku mmoja, mzee wetu, alisimama kwenye kikao cha Agosti akasema masale, ile mimea ya mipakani, yalitosha kwa babu zetu, hizi namba za nini. Namheshimu sana, na masale nayaheshimu, kwangu yapo. Lakini sote tunajua masale yanavyotembea usiku. Namba haitembei. Kinachotembea, na hili nalisema kwa uaminifu, ni mto wenyewe. Kwenye kigingi namba 14 tulipima mita 60 mwezi Juni, na mwezi Novemba zilibaki 56. Je, kigingi kihame kila ukingo unapoanguka, na mwenye shamba arudi nyuma kila mwaka? Kamati imegawanyika. Mimi binafsi naona kibaki, tuokoe ukingo kwanza.

Limesemwa pia kwamba migomba ya mwenyekiti iko ndani ya mstari. Iko. Ni 19. Nimeshahamisha 6, iliyobaki ina mikungu na nimeiomba kamati nafasi hadi nivune. Nafasi hiyohiyo atapewa kila mwanachama atakayeiomba kwa maandishi.

Matunda ya kazi hii yameanza kuonekana. Ramani imeonyesha sehemu 11 zenye mmomonyoko mkali, machimbo ya mchanga 7, madampo 4 na pampu 3 zisizo na kibali. Barua ya Septemba tuliiandika kwa namba za nukta, na afisa wa bonde alifika machimboni moja kwa moja bila kuuliza njia. Machimbo mawili yamefungwa. Ramani kubwa imebandikwa ofisini, ingawa tayari mtu ameandika namba yake ya simu pembeni kwa kalamu.

Hesabu kwa ufupi. Bakaa ya mwaka jana 1,120,000, ada 1,660,000, faini 145,000, jumla shilingi 2,925,000. Matumizi: ramani 1,385,000 (kijana 700,000, nauli na chakula 240,000, vigingi 26 vya zege pamoja na rangi 325,000, kuchapa 120,000), usafi wa mifereji 460,000, miche 380,000, vikao na shajala 215,000, jumla 2,440,000. Bakaa 485,000. Mhasibu ana risiti, isipokuwa ya chakula cha siku mbili, mama lishe yule hatoi risiti.

Sasa ada. Wanachama tuko 214. Waliolipa ni 83. Ada ni shilingi 20,000 kwa mwaka, haifiki hata mchango wa kadi moja ya harusi, na ya harusi hatukopeshani, tunatuma kwa simu siku hiyohiyo ili jina lisomwe. Wasiolipa ni 131, yaani 2,620,000. Fundi alikadiria banio kwa 2,400,000. Naomba mfanye hesabu hiyo wenyewe, halafu aje mtu aniambie kwamba ramani ndiyo iliyokula banio. Kati ya waliopiga kelele zaidi kwenye kundi, wakituma sauti za dakika nne nne usiku, watano hawajalipa tangu 2022. Majina sitayasoma leo kwa kuwa wake zao wapo hapa.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia na ada zikiingia, kutengeneza banio, kupanda mianzi zaidi pale namba 14, kufundisha vijana wawili au watatu kupima wenyewe kwa simu, na kuzungumza na wenzetu wa ng'ambo ya mto nao wachore upande wao, maana ukingo una pande mbili na sisi tumechora mmoja. Kuna mfadhili tumemwandikia. Bado hajajibu.

Suala la uchaguzi limo kwenye ajenda namba 6. Mimi sikatai kupumzika, ila ramani nimeanza nayo na ningependa nimalizane nayo.

Mwisho, ile kamba ya kupimia ya mita 50, ya njano, iliazimwa wiki mbili zilizopita kwa ajili ya kupima hema la msiba. Msiba umeisha, poleni wafiwa. Aliyenayo airudishe kwa katibu kabla hatujagawana chai.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti