Mjomba, hebu turudie lile la Blair

Mjomba, shikamoo.

Najua kwako suala lile limekwisha: je, Tony Blair, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, aliwadanganya watu wake ili aipeleke nchi kwenye vita vya Iraki mwaka 2003? Uliposema "Blair hakusema uongo, alidanganywa na majasusi wake," baraza zima lilinyamaza. Wewe ndiye uliyeishi Leicester miaka yote hiyo, wewe ndiye uliyekipigia kura chama cha Labour, na kwetu mkubwa akishatoa kauli, watu wanarudi kwenye kahawa yao. Nami nilirudi kwenye yangu. Lakini hoja ile si yako peke yako. Nimeisikia kwa watu wengi wenye akili timamu, na nadhani wanaipenda kwa sababu haimuumizi mtu: kiongozi alikosea, wapiga kura wake wakakosea naye, basi. Ndiyo maana nakuandikia hadharani.

Kipimo chako nakikubali. Uongo, ulisema, ni mtu kutamka jambo ambalo mwenyewe haliamini. Sawa. Je, mwaka 2002 Tony Blair aliamini kwamba Saddam Hussein ana silaha za kemikali na za kibaiolojia? Naona aliamini. Hata Hans Blix, aliyekuwa akiongoza wakaguzi wa silaha wa Umoja wa Mataifa, mwanzoni alihisi kwamba Iraki inaficha kitu. Hapo sina ugomvi na wewe hata kidogo.

Ila Blair hakuishia hapo. Tarehe 24 Septemba 2002 serikali yake ilitoa waraka kuhusu silaha za Iraki, na kwenye dibaji yenye jina lake aliandika kwamba taarifa za kijasusi zilizochambuliwa zimethibitisha pasipo shaka kuwa Saddam anaendelea kutengeneza silaha hizo. Siku hiyohiyo akasimama bungeni akasema taarifa hizo ni nyingi, za kina na za kuaminika. Angalia vizuri, Mjomba. Hayo ni madai mawili. La kwanza linahusu kilichomo kwenye maghala ya Iraki, na huko Blair hakuwahi kufika. La pili linahusu karatasi zilizokuwa mezani kwake, Downing Street.

Mfikirie dalali wa viwanja. Anaweza kuamini kwa moyo safi kwamba kiwanja hakina mgogoro. Lakini akikwambia "hati nimeiona kwa macho yangu, imekamilika," kumbe alichoonyeshwa ni barua ya mwenyekiti wa mtaa yenye mihuri miwili, amekudanganya, hata kama siku ya mwisho kiwanja kitakuja kuwa safi.

Sasa karatasi zenyewe zilisemaje? Machi 2002 Kamati ya Pamoja ya Ujasusi, ndiyo inayomchambulia waziri mkuu taarifa za kijasusi, iliandika kwamba taarifa kuhusu silaha za Iraki ni za hapa na pale na zina mapengo. Agosti mwaka huohuo ikaandika kwamba inajua machache kuhusu kazi ya Iraki kwenye silaha hizo tangu mwishoni mwa 1998, yaani tangu wakaguzi walipoondoka. Mwezi mmoja baadaye bunge likaambiwa "nyingi, za kina na za kuaminika."

Utaniambia kuna kilichobadilika katikati, na kweli kilikuwepo. Hii ndiyo silaha yako nzuri kuliko zote, nashangaa hukuitumia siku ile. Septemba 2002 idara ya ujasusi ilipata chanzo kipya kilichodai kwamba utengenezaji wa silaha umeongezwa kasi. Mkuu wa idara akampelekea Blair habari hizo mwenyewe, zikiwa bado mbichi. Baadaye majasusi wakaanza kumtilia shaka mtu wao. Ripoti ya Chilcot, yaani ya uchunguzi rasmi wa Uingereza kuhusu vita hivyo, inasimulia kwamba maelezo yake kuhusu sumu iliyotiwa kwenye vyombo vya kioo yalifanana mno na mambo ya filamu moja maarufu (hapo, Mjomba, nilicheka, kisha nikaona haya kucheka). Taarifa zile zilifutwa rasmi Julai 2003, Baghdad imeshaanguka. Kwa hilo nakubali kabisa: majasusi walimwangusha. Lakini chanzo ambacho hakijajaribiwa hakizibi pengo la miaka minne, wala hakimpi mtu ruhusa ya kusema "pasipo shaka."

Halafu kuna Robin Cook. Kila nikimsikia mtu akisema "wote waliamini," namkumbuka yeye. Alikuwa waziri wa mambo ya nje hadi 2001, kisha akabaki kwenye baraza la mawaziri. Februari 2003 alipewa maelezo ya ana kwa ana na mkuu wa kamati ileile ya ujasusi. Tarehe 17 Machi akajiuzulu, akaliambia bunge kwamba huenda Iraki haina silaha za maangamizi kwa maana ambayo watu wa kawaida wanaielewa. Jasusi hakuwahi kuwa, wala hakuwa na siri yoyote ambayo Blair hakuwa nayo. Taarifa ni zilezile, msomaji ndiye tofauti. Kesho yake wabunge walipiga kura, 412 kwa 149, na tarehe 20 vita vikaanza.

Lile la dakika 45 unalikumbuka, maana magazeti ya kwenu yalilipigia tarumbeta: Saddam anaweza kurusha silaha zake ndani ya dakika 45 tangu atoe amri. Msomaji wa kawaida alielewa makombora ya masafa marefu. Taarifa ya asili ilihusu silaha ndogo za uwanja wa vita. Waziri wa ulinzi, Geoff Hoon, baadaye alikiri mbele ya uchunguzi ulioongozwa na Jaji Hutton kwamba alilijua hilo na hakujishughulisha kuyasahihisha magazeti. Na Februari 2004 Blair aliliambia bunge kwamba siku ya kura alikuwa hajui dakika 45 ni za silaha za aina gani. Chagua mwenyewe lipi linakusumbua zaidi, waziri aliyejua akanyamaza au waziri mkuu aliyepeleka askari vitani bila kuuliza.

Kwa Ufaransa nako ni mchezo uleule. London ilisema azimio la pili la Umoja wa Mataifa, la kuruhusu vita, limekwama kwa sababu Jacques Chirac, rais wa Ufaransa, ameapa kulipinga kwa kura ya turufu. Ukweli ni kwamba kura 9 za Baraza la Usalama zilizohitajika kulipitisha hazikuwepo. Mwaka ule Afrika ilikuwa na viti vitatu: Angola, Kameruni na Guinea. Waingereza walimtuma waziri wao Valerie Amos kwenda kuzibembeleza nchi hizo, Wafaransa wakamtuma waziri wao wa mambo ya nje, Dominique de Villepin, kwa kazi hiyohiyo. Wakati huohuo Wamarekani waliwaomba Waingereza wawasaidie kunasa mawasiliano ya wajumbe wa nchi ambazo hazijaamua. Tumeyajua hayo kwa sababu Katharine Gun, mfanyakazi wa shirika la ujasusi la Uingereza, aliivujisha barua pepe yenye ombi hilo. Alishtakiwa, na Februari 2004 kesi yake ikaondolewa. Unabembelezwa mchana na simu yako inasikilizwa usiku, halafu mwishoni lawama anabebeshwa Mfaransa.

Na Julai 2002, miezi minane kabla ya kura ya bunge, Blair alikuwa ameshamwandikia George W. Bush kwamba atakuwa naye kwa vyovyote vile. Kweli, barua iliendelea na masharti na tahadhari nyingi, nimezisoma. Wananchi walikuwa wakiambiwa hakuna uamuzi uliofikiwa.

Unapenda kusema Chilcot hakuandika popote kwamba Blair ni mwongo. Ni kweli, hakuandika. Juzuu 12 na maneno milioni 2.6, na neno hilo hakumbandika. Alichoandika Julai 2016 ni kwamba hukumu kuhusu silaha zilitolewa kwa uhakika ambao haukuwa na msingi, na kwamba kamati ya ujasusi ilipaswa kumweleza Blair wazi kuwa taarifa zake hazijathibitisha jambo hilo pasipo shaka. Mwaka uliofuata BBC ikamuuliza kama Blair alikuwa mkweli kwa taifa. Akajibu kwamba waziri mkuu anayeipeleka nchi vitani lazima awe mkweli kwa watu wake, na haamini kwamba kwa Iraki ilikuwa hivyo. Ripoti hiyohiyo inahesabu askari 179 wa Uingereza waliokufa, na Wairaki wasiopungua 150,000 hadi kufikia Julai 2009, wengi wao raia.

Blair mwenyewe siku ripoti ilipotoka aliomba radhi kwa huzuni kubwa, kisha akasema uamuzi angeurudia uleule. Sikutegemea aseme vingine.

Muhtasari wa ripoti una kurasa 150 hivi, Mjomba, na Kiingereza chako kinauweza kuliko changu. Usome kabla hujaja Idd. Ukiona nimepotoka niandikie, nami nitakuchapisha hapahapa bila kupunguza neno. Ila usinijibu kuhusu Saddam. Nijibu kuhusu zile karatasi za Machi na Agosti.

Mpwa wako