Hola: tuandike pia nani alizuia mashtaka

Mhariri,

Machi 3 inapokaribia, husimuliwa uwongo wa maji: kwamba wafungwa wa kizuizini 11 waliokufa mwaka 1959 huko Hola, kambi ya serikali ya kikoloni ya Kenya ya kuwazuilia washukiwa wa Mau Mau, walidhurika baada ya kunywa maji. Ni vyema usimuliwe. Lakini uwongo huo haukudumu, kwa sababu maiti zilipasuliwa na michubuko ikaonekana. Kilichowaokoa wakubwa ni kitu kingine.

Mpango wa Cowan, afisa mwandamizi wa magereza, ulitaka waliogoma kufanya kazi watolewe kwa vikundi visivyozidi watu 20, askari wakiwa tele, kisha washurutishwe. Siku ile walitolewa 85, wakapigwa marungu kwenye mtaro wa kumwagilia mashamba. Hakimu Goudie, aliyechunguza vifo, alitamka kwamba kipigo kile kilikuwa kinyume cha sheria. Ila hakuweza kusema rungu la nani lilimuua nani. Mwanasheria Mkuu, Eric Griffith-Jones, akashikilia hapohapo: hakuna atakayeshtakiwa.

Na Griffith-Jones ndiye aliyemwandikia Gavana Baring mnamo Juni 1957 akieleza namna ya kuwapiga wakaidi: wasipigwe penye wengu, ini wala figo, na mpigaji awe ametulia, bila jazba. Mtu aliyetunga masharti ya kipigo ndiye huyohuyo aliyeachiwa kuamua kama kuna kesi! Sullivan, mkuu wa kambi, alistaafishwa na kiinua mgongo chake kamili.

Mlango huu ulikuwa umefungwa mapema. Arthur Young, kamishna wa polisi aliyeletwa kutoka London mwaka 1954, alitaka wapelelezi wawachunguze hata askari wa serikali bila kuingiliwa na watawala. Alikataliwa, akajiuzulu kabla ya mwaka kwisha.

Nyaraka nyingi za aina hii zilifichwa Hanslope Park, Uingereza, hadi kesi ya wazee wa Mau Mau dhidi ya serikali ya Uingereza ilipolazimisha zitolewe mwaka 2011. Mwaka 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa waathiriwa 5,228, huku ikikana kuwajibika kisheria. Kwa hiyo hata hapo hakuna afisa aliyetajwa kuwa na hatia.

Naomba gazeti lako lichapishe kwa Kiswahili, bega kwa bega, waraka ule wa 1957 na uamuzi wa Goudie, pamoja na majina ya wale 11.

Msomaji,
Mombasa