Kwa ndugu yangu wa Kisumu: kabla hujamrudishia simu, muulize

Ndugu yangu,

Uliniandikia kwamba umekuta kwenye simu ya binti yako, mwanetu sote nami nikiwa shangazi yake, video juu ya video za vijana wanaosema wamechoka kuishi, ukamnyang'anya simu, ukaifungia kabatini, na tangu siku hiyo hasemi na mtu. Ukaniuliza kama umefanya vyema. Nakujibu hadharani, bila kutaja jina lake wala la shule yake, kwa sababu shule zimefungwa, watoto wako nyumbani na simu mkononi, na najua kuna wazazi wengi kutoka Kondele hapo Kisumu mpaka huku kwetu Kaptembwo, Nakuru, walio na swali lako na hawana wa kumuuliza.

Hofu yako ni ya haki. Asije mtu akakuambia ni mambo ya ujana yatapita. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa walio kati ya miaka 15 na 29 hiyo ni sababu ya tatu ya vifo. Binti yetu yumo katika rika hilo. Lakini kuifungia simu hakujaondoa kilichomfanya azitazame zile video. Kumekuondolea wewe njia ya kujua anapitia nini.

Halafu ulisema "anatafuta mambo mabaya". Huenda hakutafuta chochote. TikTok haingoji mtoto aandike neno. Inaangalia amekaa kwa muda gani kwenye video, ipi ameirudia, ipi ameipita haraka. Akikawia kwenye video ya msichana anayelia usiku, analetewa nyingine ya aina hiyo, kisha nyingine. Mwaka 2023 Amnesty International ilitoa utafiti ambao sehemu yake ilifanywa kwa akaunti za hapa Kenya. Walifungua akaunti za kujifanya watoto wa miaka 13, na zile zilizoonyesha kuvutiwa na habari za huzuni na afya ya akili, baada ya saa tano au sita, karibu nusu ya video zilizoletewa zilikuwa za mambo hayo na zingeweza kumdhuru mtoto. Watafiti walipoketi wenyewe wakawa wanazirudia video za namna hiyo, dakika kati ya 3 na 20 zilitosha kwa zaidi ya nusu ya walicholetewa kuwa huzuni. Na ndani ya saa moja zilishafika zile zinazopamba kujiua, au zinazokufanya ukuone kuwa jambo la kawaida. Mambo hayo yalikuwa yakiletwa Kenya, kwa akaunti za watoto wa umri wa darasa la nane.

Kuna mtoto wa London, Molly Russell, aliyefariki Novemba 2017 akiwa na miaka 14. Uchunguzi wa kifo chake ulipofanywa mahakamani Septemba 2022, ilielezwa kwamba katika miezi yake sita ya mwisho, kati ya vitu 16,300 alivyohifadhi, alivyovipenda au kuvisambaza Instagram, 2,100 vilihusu huzuni, kujidhuru au kujiua. Msimamizi wa uchunguzi, Andrew Walker, aliamua kwamba Molly alikufa kwa kitendo cha kujidhuru akiwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali, na athari mbaya za aliyoyaona mtandaoni. Familia yake haikujua alichokuwa akikitazama. Baba yake, Ian Russell, amepigania usalama wa watoto mtandaoni tangu hapo, na mwaka 2023 Uingereza ikapitisha sheria ya kuzibana kampuni hizi. Sisi watoto wetu wanatumia programu hizo hizo, na nasikitika kwamba mzazi wa Nyalenda hapo Kisumu bado ndiye anayebebeshwa ulinzi wote peke yake.

Nakuletea kisa hicho kwa sababu moja. Video hizi hazina sura ya uovu. Nyingi zina muziki wa taratibu, maandishi mazuri, na chini yake watoto wanaoandika "hata mimi". Mtoto anayelala kwenye dabo deka ya bweni akiamini ni yeye tu duniani anayejisikia hivyo, huko anakuta wanaomwelewa. Ukimpokonya simu bila neno, umemtenga na waliomsikia na hujampa mwingine wa kumsikia. Hapo ndipo hatari inapozidi, ndugu yangu, na ndiyo maana kimya chake kinanitisha kuliko zile video.

Kwa hiyo muulize. Muulize kwa neno lenyewe: "Umewahi kufikiria kujiua?" Usizunguke. Usimwambie "wewe huwezi kufikiria ujinga kama huo, sivyo?" maana umeshamwonyesha jibu unalotaka kusikia, naye atakupa hilo hilo. Najua unaogopa kwamba ukilitamka utampa wazo. Wengi wanaogopa hivyo. Wanaoshughulika na afya ya akili wamelijibu mara nyingi, na Shirika la Afya Duniani linalirudia: kumuuliza mtu hakumtii wazo hilo kichwani. Kama lilikuwemo, anapata nafasi ya kulisema. Kama halikuwemo, atajua kwamba nyumbani kwao jambo zito linaweza kusemwa.

Kwetu hatukulelewa hivyo. Aliyejiua alizikwa haraka, watu wakinong'ona, na hakuna aliyempa mtoto jina lake. Sheria nayo iliongezea: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Familia ngapi zilidanganya daktari kwa kuogopa polisi? Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitangaza kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha katiba, katika kesi iliyopelekwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, chama cha madaktari wa magonjwa ya akili na mwananchi mmoja. Kwa hiyo ukimpeleka mtoto hospitali, umempeleka mgonjwa. Mwambie daktari ukweli wote.

Zamani msichana wa umri wake angelala siwindhe, yaani nyumba ya bibi, na huko angesema yale ambayo hawezi kumwambia baba. Leo bibi yuko Siaya, sisi tuko mijini, na usiku umebaki wa simu. Ukimrudishia, wekeni masharti pamoja: kuanzia saa tatu usiku simu zote za nyumba zichajiwe sebuleni, na yako ikiwemo. TikTok ina njia ya kuunganisha akaunti ya mzazi na ya mtoto. Mwombe yeye akuonyeshe. Keti naye, na kila video ya aina ile ikitokea, aibonyeze na kuishikilia mpaka lije chaguo la kusema hapendezwi nayo. Baada ya muda anacholetewa kitaanza kubadilika. Lakini usimpeleleze kwa siri. Akigundua, hutaaminiwa tena.

Jingine ni lile kundi letu la WhatsApp la nyumbani. Kijana fulani alipofariki, ndani ya saa moja zilisambazwa picha, barua aliyoacha, na maelezo ya alivyofanya. Watoto wetu wamo katika kundi hilo. Vienna mwaka 1987, waandishi wa habari walikubali kuacha kutangaza kwa kishindo na kwa undani vifo vya kujiua kwenye reli za mji, na vifo vya namna hiyo vikapungua sana katika miezi michache. Nimewaandikia wasimamizi wa kundi. Nawe waandikie. Tuomboleze bila kusimulia njia.

Na kama kuna kitu cha kufungiwa kabatini, fungia vidonge vya mama na dawa ya kunyunyizia mahindi, na ufunguo ukae kwako. Msukumo wa kujiua mara nyingi huwa mkali kwa muda mfupi kisha ukalegea, na wengi wameokoka kwa sababu saa hiyo hapakuwa na kitu cha hatari karibu. Mwangalie pia akianza kugawa vitu anavyovipenda, akiaga watu pasipo safari, akikosa usingizi usiku baada ya usiku, au akitulia ghafla baada ya huzuni ndefu.

Nambari za bure ni 116, ya watoto, na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Ziandike ukutani jikoni, ili ndugu zake pia wazione bila kuziomba. Hapo Kisumu, kwenye hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile tunayoiita Russia, kuna kliniki ya afya ya akili. Usingoje mpaka "azidiwe". Mtu wa malaria hatumngoji azidiwe.

Kama kuzungumza naye kunakushinda, usione haya. Kuna mambo msichana humwambia shangazi kwanza, nami nipo. Mpe simu yako anipigie, kisha toka nje ya chumba. Sitakuficha jambo linalohatarisha maisha yake, na hilo nitamwambia yeye mwenyewe mapema, ili asije akaona nimemsaliti.

Akijibu ndiyo, usimkemee, usimhubirie, usianze kulia mbele yake ukamfanya ajute kusema. Mshukuru. Muulize kama ameshapanga jinsi au siku. Usimwache peke yake usiku huo, na asubuhi mwende Russia pamoja. Nipigie hata kama ni saa nane usiku. Nitapanda matatu ya alfajiri hapa Nakuru na kabla ya saa sita mchana nitakuwa mlangoni kwako. Akijibu hapana, mrudishie simu, mwambie umefurahi kwamba amekujibu, na umuulize tena kabla shule hazijafunguliwa.

Dada yako