Kwa mnaolea watoto wa ndugu zenu Pemba

Assalaam alaykum wanangu, mlioko Wete, Konde, Kengeja na kwengineko.

Kwetu mtoto akifiwa na wazee wake huchukuliwa na ami au shangazi kabla hata hitma haijasomwa, na hakuna anayeuliza karatasi. Allah akulipeni kwa hilo. Lakini siku mtoto anatakiwa apasuliwe, au aombewe pasipoti, mtaulizwa nyinyi ni nani wake, na ujamaa peke yake hautatosha.

Sheria ya Watoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inaitambua kafala. Mnakabidhiwa malezi kisheria, na mtoto anabaki na jina la baba yake, kama Suratul Ahzab inavyotuamrisha. Basi msimwandikishe skuli kwa jina la ami yake mkidhani mnamsitiri. Mwambieni mapema wazee wake ni nani, mwonyesheni na makaburi yao.

Anzeni kwa sheha, mkuu wa shehia yenu, kisha nendeni Ustawi wa Jamii wilayani. Najua baadhi yenu mnaogopa mtoto atachukuliwa apelekwe nyumba ya watoto. Afisa akija kutazama mtoto anapolala, mkaribisheni, mjibuni kwa ukweli. Kazi yake ni kujua mtoto yuko salama, na nyinyi ndio mtakaomwonyesha hilo.

Linaloniuma zaidi ni mikarafuu. Baba amekufa, ameacha miti, na kila msimu inachumwa kana kwamba haina mwenyewe. Ina mwenyewe, naye bado yuko chuo cha Kurani anasoma juzuu. Pelekeni mirathi Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana igawiwe. Risiti za ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, za fungu lake ziwekeni, na fedha zake zisichanganywe na za nyumba. Suratun Nisaa imesema wazi kuwa wanaokula mali ya yatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao. Ami mwenye shida ana ruhusa ya kula kwa kiasi. Mwenye uwezo ajizuie.

Na mali yenu wenyewe, malezi hayamfanyi mrithi. Mkitaka apate kitu, muusieni mngali hai, katika thuluthi ya mali yenu, mbele ya mashahidi.

Kama hana cheti cha kuzaliwa, hicho ndicho cha kwanza. Msingoje afike darasa la sita.

Bibi yenu, Wete